Kula Ukuta

"Umeuza ukuta wangu, Fadul!"

"Nimeuza nyumba yangu, Mama Hanan. Nyumba. Ukuta sijauza."

"Na hiyo nyumba umeitundika wapi, kwa msumari angani? Ukuta ni mmoja! Kwako ni mgongo, kwangu ni mgongo. Ukishampa mtu mgongo wako, mimi nitaegemea nini?"

"Nusu ni yangu."

"Haya, toa nusu yako! Kuja na kisu ukate kama mkate, uniachie yangu imesimama."

Mama Shiundu alikuwa akikaanga mandazi mlangoni pa chumba chake. Aliinua kijiko cha matundu akasahau kukishusha; mandazi manne yakaungua asubuhi hiyo na wala hakuyajutia. Watu wa ploti walikuwa wameshaanza kutoka, huyu na mswaki mdomoni, yule na mtoto kiunoni, kwa maana ugomvi wa wazee ni dhambi kuusikiliza kupitia mabati na nafasi ya kuuona ipo. Omolo, fundi wa viatu, alisogeza kigoda chake hatua tatu ili azipate nyuso zote mbili.

Mabrouka, huyo Mama Hanan, na Fadul walikuwa majirani tangu wazaliwe. Nyumba zao zilipeana mgongo chini ya bati moja, na katikati yao ulisimama ukuta wa udongo wenye unene wa mkono mzima, uliokandikwa na baba zao wawili. Zilikuwa ndizo nyumba mbili za mwisho za Kambi Rihani. Zamani baraza zilikuwa thelathini na moja, kutoka relini hadi mtoni, na aliyepita hapo asubuhi alisalimiwa mara thelathini na moja akafika kazini amechelewa. Sasa zote zilikuwa ploti za mabati, vyumba kumi mahali palipokuwa na nyumba moja na mpera wake. Hata jina lilikuwa limehama. Ukimwambia kijana wa boda akupeleke Kambi Rihani, atakuuliza hiyo iko Kibera gani. Mwambie Choo Kipya, atakushusha mlangoni. Jambo hilo lilimkera Mabrouka kuliko kelele na matope: babu yake alipigana vita vya Mjerumani, akapewa kipande cha msitu apumzikie, na leo mjukuu wake anakaa Choo Kipya.

"Nani amenunua?" aliuliza.

"Irungu. Yule wa hardware, Kawangware."

"Anabomoa lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni lini?"

"Jumatano," akadakia Omolo, na watu wakacheka. Mabrouka akamgeukia kwa jicho lililomrudisha kwenye soli za viatu.

"Na hatukula," Mabrouka akasema. Sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Umefika mpaka umeuza, Fadul, na hatukula."

Wapangaji wakatazamana. Hawakujua maneno hayo yana uzito gani, maana wenye kuyajua walikuwa makaburini au Eastleigh. Katika Kambi Rihani, ukuta wa watu wawili haukuguswa kabla ya watu wawili kula. Iwe ni kuukandika upya kabla ya masika, kutoboa dirisha au kuubomoa, aliyetaka kufanya jambo alipika, akamwita mwenzake, wakala sinia moja. Nia yake aliisema pale pale alipomwita. Aliyeitwa akaja na kunawa mikono, ameridhia. Asiyeridhia alikaa kwake na njaa yake. Jambo hilo wenyewe waliliita kula ukuta. Halikuandikwa popote, na hakuna kesi ya ukuta iliyowahi kutoka Kambi Rihani kwenda kwa chifu.

Fadul alitazama mkongojo wake. "Kwa nini hatukula, wewe unajua."

"Sijui! Na kwangu hutakula tena. Mmesikia nyote? Wallahi, huyu mtu hatatia mkono kwenye sinia yangu!"

Fadul alimgeuzia mgongo. Aliingia kwake akafunga mlango, na Mabrouka akaingia kwake akaubamiza wake. Ukuta ukatikisika, ukamwaga vumbi lake pande zote mbili bila upendeleo.

*

Alhamisi Mabrouka alijifunga gurbaba yake ya kutokea, ile nguo ya Kinubi, akatupa shuka begani, akapanda boda mpaka Kawangware 56. Hardware ya Irungu ilikuwa imejaa watu wanaotaka mabati, misumari na rangi, wote kwa pamoja na wote wa haraka. Msichana wa kaunta alimtazama juu hadi chini.

"Mama, ni nini?"

"Nataka mwenye duka."

"Kama ni mchango wa msikiti, huwa ni Ijumaa. Keti hapo kwanza."

Akaketi juu ya mfuko wa simiti. Watu walipita mbele yake na mikokoteni. Mwanamume mmoja aliyenunua bomba la maji, alipokuwa akitoka, alimwona bibi wa Kinubi amekaa chini, viganja mapajani, akamwekea shilingi ishirini mkononi na kumwambia, "Niombee, mama." Alikuwa ametoweka kabla Mabrouka hajapata neno. Alitaka kuitupa barabarani. Kisha akaifikiria nauli ya kurudi, akaifunga kwenye pindo la shuka. Akamwombea pia, kwa kuwa alikuwa amelipa.

Irungu alipokuja alikuwa mtu mkubwa mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alichuchumaa ili wawe sawa, na hilo Mabrouka aliliona.

"Mama, Mzee Fadul hakukuambia?"

"Kuniambia ni kitu moja. Wewe uliangalia hiyo nyumba?"

"Niliangalia."

"Nyuma?"

Irungu akasita. "Mbele tu. Nyuma niliona ni ukuta."

"Huo ukuta ndio nyumba yangu. Ukiubomoa Jumatatu, utanikuta kitandani na bati usoni."

Irungu akatoa kalamu sikioni, akairudisha. "Wacha nikwambie ukweli, mama. Mimi najenga, lakini sijawahi kuangushia mtu nyumba na sianzi na wewe. Nitaleta fundi akupandishie ukuta wa mawe upande wako kwanza. Chumba kitapungua kama hatua moja, lakini utakuwa wako peke yako. Ama kama unataka, niuzie na yako."

"Siuzi."

"Sawa. Lakini mimi nataka nisikie kutoka kwa nyinyi wawili pamoja. Hiyo ploti nitaweka wapangaji na watoto wao. Sitaki kujenga juu ya machozi ya mtu." Akasimama. "Umekunywa chai? Wacha nikupeleke kwa mathe. Anapenda mgeni kuliko mimi."

Mama yake, Wakarima, alikaa nyuma kidogo, upande wa Kawangware 46, katika nyumba ya mbao iliyobanwa na majengo matatu marefu ya mwanawe. Ua wake ulikuwa kama sakafu ya kisima. Juu, kamba za nguo zilivuka kutoka dirisha hadi dirisha.

"Karibu! Usikae hapo, hapo panadondoka," Wakarima alisema, akivuta kiti. "Kuja huku. Wewe ndio wa ukuta? Irungu amenipigia mkiwa njiani. Huyo kijana nikimwambia ananunua vitu kama mtu anayechagua viazi gizani, ananuna."

Chai ilikuwa ya maziwa mengi, na nduma zilikuwa zimechemshwa zikaachwa na ganda. Wakarima hakungoja kuulizwa.

"Hapa palikuwa shamba, unaona. Mahindi mpaka mtoni. Nilikuwa nikisimama hapa nikamwita Wagaki, anaitikia kutoka kwake ng'ambo ile. Wagaki ndiye alikuwa jirani wangu. Halafu watu wakaanza kuuza. Irungu akataka kunihamishia ghorofa ya kwanza, choo ndani, maji ndani. Nikamwambia jenga utakavyo, mimi hapa hunitoi. Nikashinda!" Akapuliza chai yake. "Sasa ona nilichoshinda. Jua linaingia saa sita, linatoka saa saba. Nduma zinarefuka shingo zikilitafuta. Na juzi mtu wa ghorofa ya nne amenimwagia maji ya omena kichwani, nikitoka kanisani."

Mabrouka alicheka mpaka chai ikampalia. "Na unajuta?"

"Kukaa? Hapana. Nitatoka hapa na sanduku." Wakarima alimenya nduma, akampa kipande kikubwa. "Lakini kuna moja. Wagaki alipouza nilikasirika. Siku anahama akaja kuniaga, nikajifungia ndani nikatuma mtoto amwambie naumwa na kichwa. Akakaa hapo nje kama nusu saa. Nilikuwa namwona kwa ufa. Akaenda." Alipangusa vidole. "Nasikia alikufa huko Kinangop, ama ni Njabini, sijui. Kula, bwana. Kwani huko Kibera mnakula kama ndege?"

*

Mabrouka aliporudi jua lilikuwa likielekea kutua, na wapangaji wengi walikuwa bado kazini. Alikaa kitandani bila kuvua shuka. Upande wa pili Fadul alikohoa. Kikohozi hicho Mabrouka alikijua. Kingekuwa mtoto angemtambua kwa kulia.

"Fadul," akauambia ukuta.

"Naam, Mama Hanan."

"Nimetoka kwa Irungu. Anataka tuseme pamoja."

"Amenipigia."

"Unaenda wapi?"

"Kwa Yasin, huko Kongo. Amenipatia chumba karibu na chake."

"Kongo ya Kawangware! Kuna nini huko hapa hakuna?"

Fadul aliugeukia ukuta. Kitanda chake kikalia.

"Siku tunamzika Baba Hanan, jeneza lilibebwa na nani?"

"Wewe."

"Mimi na nani?"

"Yasin, mtoto wako."

"Na nani?"

"Omolo. Na Shiundu."

"Omolo alitoka kanisani na tai yake shingoni. Na alibeba vizuri kuliko Yasin. Sina neno na Omolo. Lakini kambi nzima, Mama Hanan, wanaume wa kambi walikuwa wawili, na mmoja ni mgonjwa wa miguu. Siku yangu ikifika mimi siwezi kujibeba."

Mabrouka alicheka bila kutaka, na upande wa pili akasikia naye anacheka.

"Huko Kongo msikiti ni mlango wa tatu," Fadul akaendelea. "Nikikosa swala mbili watakuja kuangalia nina nini. Hapa nikikosa, ni wewe utaniita kwa ukuta. Na ukitangulia wewe?"

Mabrouka alisogea karibu na ukuta. "Sababu nimesikia. Si ungeniita tule, ukaniambia? Ningekasirika, ningekutukana, lakini ningekuja kunawa."

"Tule." Fadul alilitamka kama mtu aliyepata jiwe ndani ya wali. "Mama Hanan, mwaka juzi, kabla ya masika. Bakhita wangu alikuwa na miezi mitatu kaburini. Nilikuwa nimelala hapa. Nikasikia mikono yako ukutani. Pa, pa, pa."

Mabrouka akashika shuka lake.

"Nikajua leo ndio leo, Mama Hanan anakandika, tutakula. Nikaamka. Nikaoga. Nikavaa kanzu ile ya Idi. Nikanawa mikono, nikakaa hapa, mikono mbele hivi, nangoja uniite. Ukamaliza. Nikasikia maji, unanawa udongo. Nikasikia sufuria. Nikangoja mpaka Maghrib, Mama Hanan. Mikono ikanikaukia."

Mabrouka alikumbuka. Alikumbuka unga uliokuwapo siku hiyo, vikombe viwili tu. Alikumbuka alivyojiambia: mwanamume mfiwa, hana wa kumpikia, nikimwita atajiona na yeye anadaiwa kupika upande wake, wacha nikandike wangu kimya, nisimsumbue. Alikula gurusa mbili, ile mikate myembamba ya Kinubi, na maji ya kunde akiwa amesimama.

"Nilikuonea huruma," akasema.

"Najua. Niliisikia huruma yako ikitafuna peke yake."

Maneno hayo yalikaa ukutani. Nje, Mama Shiundu alikuwa akimgombeza mtu kwa sababu ya ndoo.

"Nilidhani umekasirikia mambo yangu," Fadul akasema. "Baadaye nikadhani labda haya mambo yamekwisha tu, na mimi ndiye sikuambiwa. Basi upande wangu sikuukandika tena. Mtu atakandika ukuta ili amwite nani?"

Mabrouka alikuwa ameuona upande wa Fadul ukibanduka, mafito yakitokeza. Alikuwa amemwambia Mama Shiundu kwamba mzee yule amekuwa mvivu tangu afiwe, na kitu ukishamwambia Mama Shiundu umekiambia Kibera mpaka Laini Saba. Akaweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa na joto la mchana.

"Yasin anakuja lini kuchukua mizigo?"

"Jumapili."

"Haya," akasema. Alikuwa ameapa mbele ya watu, na Wallahi si neno la kurudisha mfukoni kama shilingi ishirini.

*

Jumamosi aliwapitia wapangaji chumba baada ya chumba. Kwa Omolo alisimama muda mrefu kuliko alivyozoea.

"Kesho saa sita utakula kwangu."

"Kuna nini, Mama Hanan? Harusi?"

"Kiapo. Mtu akiapa akataka kutengua, kwetu analisha maskini kumi."

Omolo akaweka sindano chini. "Maskini? Mama, wewe umekuja mahali penyewe. Unataka kumi tu? Hapa nakupatia mia moja na hamsini na bado wengine watalia wameachwa."

"Kumi. Na uje na mikono safi, hiyo gundi uiache hapa."

Jumapili asubuhi doka, lile kaango la chuma la mama yake, lilikuwa motoni kabla Yasin hajafika na mkokoteni. Mama Shiundu alikuja kusaidia. Mabrouka alimwaga uji wa unga, akautandaza kwa mzunguko mmoja wa mkono, gurusa ikaiva nyembamba kama leso. Ya Mama Shiundu ilitoka nene upande mmoja na tundu upande mwingine.

"Hii yangu ni ya aina gani?"

"Hiyo ni chapo iliyougua. Mpe Omolo."

Mchuzi wa nyama ulikuwa ukitokota kwa nguvu. Upande wa pili mizigo ilikuwa ikitolewa: kitanda, sanduku la chuma, redio yenye uso wa kitambaa, kanzu tatu kwenye hanga moja. Sauti zote zilipita ukutani, na za huku zilipita kwenda kule. Mabrouka alijua Fadul anasikia mwiko, anasikia unga ukilia juu ya chuma. Akaangua kutoka msumarini tabaga yake, lile kawa la ukindu la nyekundu na kijani ambalo mama yake alilifuma na ambalo halikuwa limefunika sinia tangu kabla ya masika yale. Akalipangusa vumbi kwa pindo.

Saa sita wageni wakaingia, kila mtu akijifanya alikuwa anapita tu. Omolo alikuwa na tai. Mama Shiundu, mumewe Shiundu na watoto wao watatu. Msichana wa chumba cha mwisho na dada yake, wanaosuka nywele. Chumba kikajaa, ndala zikalala mlangoni kama sokoni. Irungu naye alikuwa amekuja kutazama kazi ya kesho, ule ukuta wa mawe, amesimama kwenye baraza na futi ya kupimia.

Mabrouka akahesabu kwa kidole. "Wanane."

"Weka na Irungu," akasema Omolo.

"Irungu hahesabiki. Ana hardware. Atakula, lakini hahesabiki." Irungu akainua mikono kama mtu aliyekubali kosa. "Weka na huyo mtoto wa mkokoteni wa Yasin. Wewe, ingia! Tisa."

"Mama Hanan," Mama Shiundu akasema kwa sauti ya chini ambayo nusu ya ploti iliisikia, "bado mmoja."

Mabrouka akageuka mlangoni. Fadul alikuwa amezunguka nyumba kuja kuaga. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi, na alisimama hatua moja nje ya kizingiti, pale pale kiapo kilipomwachia. Mkongojo ulikuwa kwapani. Mikono ilikuwa mbele yake, imeinuliwa kidogo, na maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye vidole kwenda vumbini.

Watu wakageukia mlango, hata watoto wa Shiundu. Futi ya Irungu ikajirudisha yenyewe ndani ya kopo lake kwa kishindo kidogo.

Mabrouka aliitazama ile mikono mpaka tone moja likaanguka, na la pili.

"Natafuta maskini wa kumi," akasema. "Nataka mtu asiye na nyumba."

Midomo ya Fadul ilicheza. "Hapa yupo mmoja. Ameuza jana-jana tu."

"Ana ukuta?"

"Nusu. Kama mwenzake amekubali."

Mabrouka alifunua sinia, akaweka tabaga kando, juu ya kitanda, likiwa limeegemea udongo. Mvuke ukapanda. Akasogea upande mmoja, akapigapiga mkeka pale palipobaki kando yake.

"Ingia, Fadul, kabla hiyo mikono haijakauka tena. Chakula kinapoa."